Stakabadhi Si Hati: Istilahi za Upekuzi na Ukamataji wa Mali Mbele ya Mahakama

Utangulizi

Mwaka 2021 Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ilirekebishwa kwa Sheria Na. 1 ya mwaka huo, na Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria za Tanzania na lugha ya mahakama zake, isipokuwa pale ambapo sheria na kanuni zinaruhusu Kiingereza kitumike. Kabla ya hapo Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikifanya kazi kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, lakini Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ziliandika hukumu zao kwa Kiingereza. Hivyo basi, mzigo mkubwa wa istilahi za sheria umewaangukia kwa mara moja wafasiri, makarani wa mahakama, walimu wa vyuo na askari wanaojaza fomu.

Makusudi ya makala haya ni kupima fungu moja dogo la istilahi hizo, yaani zile za upekuzi wa polisi na ukamataji wa mali. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo dola huingia katika nyumba ya mtu, na kwa hiyo maneno yake yanamgusa kila raia. Pili, mahakama za juu zimekwisha onyesha mara nyingi kwamba mtu aweza kufungwa au kuachiwa huru kwa sababu ya karatasi moja tu, iliyoandikwa au isiyoandikwa. Mifano tutaitafuta katika Wilaya ya Same na milima ya Upare, ambako mashauri ya namna hii hayaishi: mirungi hulimwa katika baadhi ya vijiji vya milimani, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imefanya huko operesheni za kuteketeza mashamba yake, na upande wa tambarare kuna Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi pamoja na mashauri ya nyara za serikali. Mtu asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Wilaya ya Same hukata rufaa Mahakama Kuu, Masjala Ndogo ya Moshi.

Sheria yenyewe

Msingi wa yote ni Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977, iliyoingizwa pamoja na haki nyingine za binadamu katika mabadiliko ya mwaka 1984. Ibara hiyo inalinda nafsi ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake, kisha inaitaka nchi iweke utaratibu wa sheria unaoeleza ni lini na kwa kiasi gani hifadhi hiyo yaweza kuingiliwa. Yafaa ikumbukwe kwamba Katiba yetu iliandikwa kwa Kiswahili. Mfasiri anayetafuta neno la kuanzia anayo tayari maskani, nalo ni neno pana kuliko nyumba: kibanda cha shambani kilicho juu Chome, ambamo mtu hulala wakati wa palizi, ni maskani.

Utaratibu wenyewe umo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, Sura ya 20. Kwa hesabu ya vifungu ya Toleo la 2019, kifungu cha 38 kinaeleza nani aweza kupekua au kuagiza upekuzi, na kifungu kidogo cha (3) kinamtaka askari aliyekamata kitu atoe stakabadhi yenye sahihi za mwenye mahali au mkaaji wake, au jamaa yake wa karibu, au mtu mwingine aliye na mamlaka ya mahali hapo wakati huo, pamoja na sahihi za mashahidi wa upekuzi kama wapo. Kifungu cha 40 kinaweka saa za kutekeleza upekuzi, cha 42 kinaruhusu upekuzi wa haraka bila hati, na cha 169 kinaeleza mahakama ifanyeje na ushahidi uliopatikana kwa kuvunja taratibu hizo.

Katika Rufaa ya Jinai Na. 384 ya 2008, Mahakama ya Rufani ilieleza kwa nini stakabadhi na sahihi za mashahidi zinatakiwa: ni kuhakikisha kwamba kitu kilichokamatwa hakikutoka mahali pengine popote ila pale palipotajwa. Mahakama iliongeza kwamba utaratibu huu ukifuatwa, yale malalamiko ya kawaida ya washukiwa kwamba ushahidi umetungwa yatapungua sana. Na katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007 Mahakama hiyo ilidai mfululizo wa kumbukumbu unaoonyesha kitu kilipita mikononi mwa nani, tangu kilipokamatwa hadi kilipoletwa mahakamani. Mahakama Kuu inafungwa na misimamo hii. Basi hakimu aliye Same na jaji aliye Moshi wanauliza swali lile lile: karatasi iko wapi, na inasema nini?

Karatasi tatu, jina moja

Hapo ndipo istilahi zetu zinapoanza kupwaya. Upekuzi uliofuata sheria waweza kuwa na karatasi tatu. Ya kwanza hutangulia upekuzi, nayo ni ruhusa: ama ya mahakama, ama ya maandishi kutoka kwa mkuu wa kituo cha polisi. Ya pili huandikwa wakati wa upekuzi, ikiorodhesha vitu vilivyopatikana. Ya tatu hubaki mkononi mwa aliyepekuliwa, ikishuhudia kwamba askari wamechukua vitu vyake. Katika mazungumzo ya kila siku, katika magazeti, na hata katika baadhi ya tafsiri za hukumu, zote tatu huitwa hati.

Tuchukue mfano. Mkulima wa Vunta yuko kizimbani Same. Anaulizwa: “Je, askari walikuwa na hati?” Anajibu: “Ndiyo, nilitia sahihi.” Jibu lake ni la kweli, lakini si jibu la swali. Yeye aliulizwa juu ya ruhusa, akajibu juu ya orodha. Karani akiandika “mshtakiwa amekiri kwamba hati ilikuwapo”, basi hoja kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, kwamba askari waliingia bila ruhusa, imezikwa na neno moja. Hakuna aliyesema uongo. Lugha ndiyo iliyoshindwa kutenga.

Neno hati halina kosa kwa asili yake. Tunayo hati miliki, hati ya kiapo, hati ya mashtaka. Kasoro yake ni upana: lataja karatasi rasmi yoyote, wala halisemi karatasi hiyo yafanya kazi gani. Kwa hiyo hati ya upekuzi yaweza kueleweka kuwa ni ruhusa ya kupekua, na pia kumbukumbu ya upekuzi uliokwisha fanyika. Wapo wanaopendelea waranti, nalo neno hili lina faida ya kutochanganyika na jingine. Ila mzee wa Suji asiyepita ofisini halimwambii kitu. Maoni yetu ni kwamba kibali cha upekuzi ndilo lifaalo. Yapo mabishano kwamba kibali ni kitu cha mwombaji, kama kibali cha ujenzi au cha kusafirisha mazao. Jibu letu ni kwamba hapa pia yuko mwombaji, naye ni polisi. Na ni jambo jema kwamba neno lenyewe limkumbushe anayebisha hodi kwamba ameomba akapewa. Ruhusa ya maandishi ya mkuu wa kituo, kwa kuwa haitoki mahakamani, iitwe amri ya upekuzi, ili msomaji ajue mara moja ni mamlaka gani iliyosema.

Stakabadhi inadai maelezo zaidi. Shina lake ni lile lile la kabidhi, makabidhiano na ukabidhi. Anayetoa stakabadhi ndiye anayekiri kupokea. Kwa hiyo katika orodha ya vitu vilivyokamatwa, mwananchi hutia sahihi kukubali kwamba vitu hivyo vimeonekana kwake. Katika stakabadhi, askari ndiye anayekiri kwamba vitu hivyo sasa viko kwake. Maungamo haya mawili yanaelekea pande mbili zisizofanana. Majaji wenyewe hawakuwa na kauli moja: yapo maamuzi yaliyosisitiza kwamba stakabadhi itolewe, na yapo yaliyoona kwamba orodha iliyotiwa sahihi na wote wanaohusika imetimiza kusudi la sheria. Si kazi ya mkuza istilahi kuamua nani ana haki. Lakini ni kazi yake kuhakikisha kwamba mabishano hayo yaweza kusemwa kwa Kiswahili. Pale ambapo karatasi zote mbili zinaitwa hati ya ukamataji, mabishano yenyewe hayana pa kusimama, na mwanafunzi wa sheria atasoma hukumu asione ni nini kilichobishaniwa.

Kukamata, kushikilia, kutwaa, kutaifisha

Watetezi wa Kiswahili fasaha hulalamika kwamba mtu ndiye hukamatwa, na mali huchukuliwa. Basi ukamataji mali, wasema, ni kosa. Malalamiko haya tumeyapima, nasi hatuyakubali. Kiswahili kinakamata usukani, kinakamata samaki, na jembe. Zaidi ya hayo, neno limekwisha enea. Mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022 Mahakama Kuu, Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi, ilisikiliza Shauri la Uhujumu Uchumi Na. 16 la 2021, ambalo baadhi ya washtakiwa wake walikuwa wamekamatwa Moshi mwaka 2020. Shauri liliondolewa na Mkurugenzi wa Mashtaka tarehe 4 Machi 2022, na kwa hiyo halikufikia hukumu. Lakini kwa miezi kadhaa magazeti yaliwafundisha wasomaji hati ya ukamataji mali, kielelezo, pingamizi na kesi ndogo ndani ya kesi kubwa. Istilahi iliyokwisha shika mizizi kiasi hicho haing'olewi kwa sababu ya ladha.

Hatari iko kwingine. Mfasiri akiona ukamataji unamchosha kwa kurudiwa, hubadilisha maneno ili kupamba mtindo: hapa kutwaa, pale kuchukua, mbele kidogo kutaifisha. Katika insha hilo ni jambo zuri. Katika sheria ni balaa. Kutwaa kumekwisha pewa kazi katika sheria za ardhi, ambako serikali hutwaa ardhi moja kwa moja na kulipa fidia. Kutaifisha ni kuifanya mali kuwa ya umma, jambo linalohitaji amri ya mahakama. Kukamata ni kushika kwa muda, ili kitu kitumike kama ushahidi, na mwenyewe bado ni mwenyewe. Mwenye pikipiki aliyebeba abiria mwenye furushi la mirungi kutoka milimani, akisoma katika karatasi kwamba chombo chake “kimetaifishwa” ilhali kimekamatwa tu, aweza kuacha kukidai, na hali sheria inampa nafasi ya kukidai.

Kadhalika yatengwe maneno kidhibiti na kielelezo. Polisi hutumia kidhibiti kwa kitu kinachohifadhiwa kituoni. Mahakama hutumia kielelezo kwa kitu kilichokwisha pokelewa kama ushahidi na kupewa namba. Mgawanyo huu umezuka wenyewe katika kazi, tena ni mgawanyo mwema, kwani unaonyesha kwamba si kila kidhibiti hufika kuwa kielelezo. Ya nini kuuvunja?

Macheo ya Same na magharibi ya Gonja

Kifungu cha 40 kinataka hati ya upekuzi itekelezwe baina ya kuchomoza kwa jua na kuzama kwake, isipokuwa mahakama iruhusu saa nyingine. Katika tafsiri mbalimbali jambo hili huandikwa “kuanzia alfajiri hadi magharibi”, “kuanzia mapambazuko hadi jioni”, au “wakati wa mchana”. Maneno haya hayalingani. Alfajiri hutangulia jua kwa saa nzima na zaidi; ndiyo saa ambayo watu wamelala na giza bado limo mabondeni, yaani ndiyo saa hasa ambayo sheria ilikusudia kuizuia. Anayefasiri kwa alfajiri amewaongezea askari saa ambayo Bunge halikuwapa. Jioni nayo haina mpaka.

Maneno sahihi ni macheo na machweo, nayo ni ya Kiswahili cha asili, hayakuhitaji kuundwa. Hata hivyo yanataka ufafanuzi, na milima ya Upare inatuonyesha kwa nini. Mji wa Same uko chini ya milima upande wa magharibi, na jua huchelewa kuonekana kwa kuwa mlima umelikinga. Ndungu na Gonja ziko upande wa mashariki, na huko jua hupotea nyuma ya mlima mapema. Mtu wa Gonja akisema “jua lilikuwa limezama”, anasema kweli kwa jicho lake, na askari aliyeshika saa akisema halijazama, naye anasema kweli. Kwa hiyo kamusi ya istilahi isiishie kwenye neno. Iseme kwamba macheo na machweo yanayokusudiwa ni ya upeo wa mbingu, si ya kilele cha mlima. Na fomu ya upekuzi iandikwe saa kwa tarakimu, pamoja na neno usiku, asubuhi au jioni, kwani “saa 12” peke yake ni macheo na ni machweo pia.

Mkaaji, jamaa na shahidi huru

Mfasiri mvivu huandika “mwenye nyumba” kwa wote wanaoweza kutia sahihi stakabadhi. Lakini kwa Mswahili mwenye nyumba ni yule anayepokea kodi ya pango. Mpangaji wa chumba mjini Same akipekuliwa, sahihi inayotakiwa ni yake aliyekaa humo, na mwenye nyumba aweza kuwa yuko Dar es Salaam. Neno lifaalo ni mkaaji. Vivyo hivyo jamaa wa karibu lisibadilishwe kuwa ndugu, kwani ndugu kwa matumizi yetu ni mtu wa ukoo, wa kijiji, hata wa chama.

Istilahi shahidi huru ina ugumu wake. Huru humfanya msikilizaji afikirie mtu asiyefungwa, au mtu aliyekubali kwa hiari. Kinachotakiwa ni mtu ambaye si askari na hana upande katika jambo lile. Milimani anayeitwa mara nyingi ni mwenyekiti wa kitongoji au balozi, naye huenda ndiye aliyepeleka habari polisi. Je, huyo ni huru? Hatudai kwamba neno libadilishwe, maana limezoeleka. Twadai kwamba lielezwe katika mafunzo, ili askari ajue kwamba cheo hakimfanyi mtu kuwa huru.

Dharura na kubambikia

Kifungu cha 42 kinaruhusu upekuzi bila hati pale ambapo hali ni nzito na ya haraka kiasi cha kutosubiri. Kwa Kiswahili twasema dharura, na tumeridhika. Lakini dharura kwetu ni mtoto kuugua, ni kuomba ruhusa kazini, ni mvua kukata barabara ya Mamba. Haraka imo ndani yake; uzito haumo sikuzote. Sheria inataka vyote viwili. Twapendekeza upekuzi wa dharura nzito katika maandishi ya sheria, hata kama mdomoni watu wataendelea kufupisha.

Mwisho twaja kwenye neno linaloepukwa na watu wa ofisi: kubambikia. Ndilo neno ambalo wananchi hutumia pale mtu anapowekewa kitu ili aonekane mkosaji. Wafasiri hulikwepa, wakaandika “kutengenezewa ushahidi wa uongo”. Kirai hicho ni kipana mno, kwa maana shahidi anayesema uongo naye ametengeneza ushahidi wa uongo, ila hakumbambikia mtu kitu mfukoni. Kubambikia lina maana moja, lanyambulika vizuri (kubambikiwa, ubambikiaji), na lataja lile lile ambalo Mahakama ya Rufani ilisema stakabadhi imewekwa kulizuia. Asili yake ya mitaani si hoja ya kulikataa. Lugha ya sheria ikimnyima mshtakiwa neno la kueleza malalamiko yake, imekwisha mhukumu nusu.

Mapendekezo

Kwa kifupi twapendekeza yafuatayo yazingatiwe:

1. Kibali cha upekuzi: ruhusa itolewayo na mahakama kabla ya upekuzi.
2. Amri ya upekuzi: ruhusa ya maandishi ya mkuu wa kituo cha polisi.
3. Hati ya ukamataji mali: orodha ya vitu vilivyokamatwa, iandikwayo pale pale.
4. Stakabadhi ya mali iliyokamatwa: karatasi anayopewa aliyepekuliwa.
5. Kidhibiti na kielelezo: yatumike kwa mgawanyo ulioelezwa juu.
6. Macheo na machweo: kwa saa za upekuzi, mahali pa alfajiri, mapambazuko na jioni.
7. Mkaaji: mahali pa mwenye nyumba.
8. Ubambikiaji: liingizwe katika orodha ya istilahi za sheria.

Hitimisho

Wapare wana kumbukumbu yao juu ya majina yanayotolewa na wakubwa. Katika miaka ya 1940 kodi mpya ilipoletwa Upare, ikapewa jina la zamani, mbiru, lililokuwa la ushuru wa jadi. Watu hawakudanganyika na jina. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi mbele ya makao makuu ya wilaya hapo Same, kama alivyoeleza mwanahistoria Isaria Kimambo. Walijua kwamba kitu kikiitwa kwa jina lisilo lake, anayeumia ni yule asiyekuwapo jina lilipochaguliwa.

Sheria ya upekuzi imewekwa ili anayeingia nyumbani mwa mtu kwa nguvu ya dola aache nyuma yake alama isomekayo. Zamani alama hiyo ilisomwa kwa Kiingereza, na aliyepekuliwa alingoja aelezwe. Sasa aweza kuisoma mwenyewe, maadamu maneno yake yametengwa sawasawa. Walimu wa vyuo vya polisi na vya mahakama, pamoja na wafasiri wa hukumu, wanaombwa kuyapima mapendekezo haya katika kazi zao, na kuleta maoni yao, hasa pale ambapo istilahi moja imeonekana kushindwa mbele ya fomu iliyo mezani.